Uzi: Grelini, homoni ya njaa, na kwa nini kuku wako si panya wa maabara

#1 Kihonda_Bandani

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye kundi letu la wafugaji wa kuku wa nyama kuna ndugu alirusha picha ya kopo la unga mweupe. Muuzaji kamwambia ni "homoni ya njaa", unatia kijiko kimoja kwenye maji, broila wanakula mpaka wanasahau kulala. Bei 25,000. Haikupita dakika kumi watu wanaulizana linapatikana wapi. Mimi nikaandika neno moja tu, "Hapana", nikashambuliwa kama mwizi wa kuku. Nimeona nije huku ambako mtu anaandika kwa urefu bila kukatizwa na picha za harusi.

Mimi nilisomea sayansi ya wanyama, leo nafuga. Si mtafiti. Ila hii homoni niliipenda tangu darasani na nimekuwa nikiifuatilia kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga.

Tuanze hapa: homoni ya njaa ipo kweli. Inaitwa grelini. Waliotangaza kuipata ni Wajapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa na wenzao, mwaka 1999. Kilichonivutia ni namna ilivyopatikana. Tangu 1996 ilikuwa inajulikana kwamba kwenye ubongo na tezi ya pituitari kuna kipokezi, yaani mlango wa seli wa kupokea ujumbe, kinachoamsha utoaji wa homoni ya ukuaji. Kulikuwa na dawa za kutengenezwa zilizokiamsha, lakini mwili wenyewe hukiamsha kwa kitu gani? Hilo hakuna aliyelijua. Watu walitarajia jibu litoke ubongoni. Likatoka tumboni mwa panya! Sehemu ya juu ya tumbo, kwenye ukuta wenye tezi za asidi, ndimo zimo seli zinazoitengeneza.

Umbo lake ni mnyororo mfupi wa asidi amino 28, zile tofali zinazojenga protini. Kwenye ile ya tatu kumebandikwa kipande cha mafuta chenye kaboni 8, na bila kipande hicho kipokezi hakiamki. Kimeng'enya kinachobandika kiligunduliwa 2008, na herufi za kifupi chake kwa Kiingereza, GOAT, zinasomeka "mbuzi". Sasa asidi hiyo ya mafuta yenyewe, asidi kapriliki, ambayo imo hata kwenye mafuta yetu ya nazi, jina lake limetokana na neno la Kilatini la mbuzi. Mbuzi anabandika mbuzi. Sijui kama walikusudia, ila nilicheka peke yangu maktaba.

Nashusha kwa awamu. Wa kukaa mkekani akae.

#2 Mama_Vifaranga

Nimekaa mbele kabisa na kahawa yangu. Mwaga mkuu, usituchoshe na lugha ya watu tu.

#3 Pangani_Boy

Sasa mkuu unatuchanganya. Kwenye kundi ulisema "Hapana", huku unasema ipo. Kama ipo, kopo lina kosa gani?

#4 Kihonda_Bandani

Pangani, swali zuri, tena ndilo la kuanzia.

Una ndugu mwenye kisukari anayetumia insulini? Anaichoma, hainywi. Kwa nini? Kwa sababu insulini ni mnyororo wa asidi amino, na tumbo halijui tofauti ya insulini na dagaa. Ikiingia mdomoni inakatwakatwa na kumeng'enywa. Grelini ni jamii hiyohiyo. Hata kama lile kopo lingekuwa na grelini safi ya maabara (na kwa 25,000 haiwezekani, vitu hivi vinauzwa kwa miligramu), ukiitia kwenye maji ya kuku umewanywesha supu ya bei mbaya.

Ipo dawa ya kumeza inayoamsha kipokezi hichohicho, nitaifikia. Hiyo si mnyororo wa asidi amino, ni molekuli ndogo iliyotengenezwa ipite tumboni salama.

Sasa inavyofanya kazi. Tumbo likikaa tupu, zile seli zinamwaga grelini kwenye damu. Nyingine inagusa neva ya vagasi, ule waya mrefu unaotoka tumboni hadi kwenye shina la ubongo. Ndani ya ubongo, sehemu ya haipothalamasi, kuna kundi la seli ambazo zikiamka mnyama anatafuta chakula, na grelini inaziamsha. Ukila, kiwango kinashuka.

Kwa binadamu walipima Marekani, matokeo yakatoka 2001: kabla ya kila mlo grelini ilipanda karibu maradufu, ikaporomoka baada ya kula. Mwaka huohuo London waliwatundikia watu wenye afya dripu ya grelini, kisha wakawaachia meza ya chakula wajipakulie. Walikula asilimia 28 zaidi ya siku waliyopewa maji ya chumvi matupu.

Lakini mimi jaribio ninalolipenda ni la kondoo. Japani waliwagawa kondoo: wengine wanalishwa mara mbili kwa siku, wengine mara nne, wengine chakula kipo muda wote. Wenye ratiba, grelini ilikuwa inaruka juu muda mfupi tu kabla ya saa ya kulishwa. Wa mara nne iliruka mara nne. Wale ambao hori halikauki, haikuruka. Kwa hiyo homoni hii haisubiri tumbo liseme "nimeisha". Inajua saa.

#5 Mtoto_wa_Mji_Mkongwe

Subhanallah. Basi ndiyo maana Ramadhani, siku tatu za mwanzo, saa nne ya asubuhi tumbo linadai chai kama mwenye duka anadai deni, ikifika saa sita limenyamaza na hujalipa kitu!

#6 Kihonda_Bandani

Shehe, umesema jambo ambalo limepimwa. Waliwafungisha watu saa 24 nzima, wakawa wanatoa damu mara kwa mara. Grelini ilipanda saa za kawaida za kula, halafu ikashuka yenyewe bila mtu kutia hata tonge. Njaa ya mazoea inakuja na kuondoka. Aliyezoea chai ya saa nne anajua kwamba akiivumilia nusu saa hivi, inampita.

#7 Pangani_Boy

Ikitolewa kabisa mwilini je? Mnyama anakufa njaa kwa kutosikia njaa?

#8 Kihonda_Bandani

Watu wengi wangejibu ndiyo. Walitengeneza panya wasio na jeni ya grelini, wakawachunga. Wakala vizuri, wakakua vizuri, ukiwachanganya na wenzao huwatofautishi kwa macho. Aibu kubwa kwa waliokuwa wanawaza kutengeneza dawa ya kitambi kwa kuzima grelini.

Jibu lilianza kuonekana 2010. Marekani waliwachukua panya wasio na kile kimeng'enya cha "mbuzi", wakawapunguzia chakula kwa asilimia 60. Panya wa kawaida walikonda lakini sukari ya damu ilijishikilia. Wale wasio na grelini iliyobandikwa mafuta, sukari ilishuka siku hadi siku, na kufikia siku ya 7 walikuwa hoi wanakaribia kufa. Ukiwachoma grelini au homoni ya ukuaji, wanapona. Kwa hiyo mimi nikisikia "homoni ya njaa" naelewa njaa ile ya ukame kuliko hamu ya chipsi. Kazi yake nzito inaonekana chakula kinapokuwa hakipo.

#9 Mama_Vifaranga

Umeniacha hapo. Na ule mngurumo wa tumbo? Mume wangu tumbo likinguruma kanisani mpaka benchi la nyuma wanasikia. Nao ni grelini?

#10 Kihonda_Bandani

Hahaha, mwambie baba Vifaranga ana wenzake wengi.

Mngurumo wa tumbo tupu una historia. Mwaka 1912, Harvard, mwanafiziolojia Walter Cannon na mwanafunzi wake Washburn walitaka kujua maumivu ya njaa yanatoka wapi. Washburn akajizoeza kumeza mpira wa kupuliza uliofungwa kwenye mrija, akawa anashinda nao tumboni. Mpira unapobanwa, kalamu inapanda kwenye karatasi. Kila akisikia njaa, anabonyeza kitufe. Alama mbili hizo kwenye karatasi zilifuatana: tumbo likijikunyata ndipo anabonyeza.

Baadaye, 1969, kwa mbwa waliofungishwa, ikaelezwa kwamba mikunyato ile haiji ovyo. Ni wimbi. Linaanzia juu, linateremka utumbo mzima hadi mwisho, halafu kimya, halafu linarudi. Kwa mbwa na kwa binadamu ni kila baada ya saa moja na nusu mpaka mbili hivi, tumbo likiwa tupu. Kazi yake ni kufagia: mabaki, vipande vya mifupa, ute, bakteria waliojazana, vyote vinasukumwa mbele. Ukila, fagio linawekwa pembeni na utumbo unaanza kukoroga chakula.

(Ng'ombe na kondoo hawaweki fagio pembeni. Kwao chakula kinateremka tumboni muda wote, na wimbi linaendelea hata wakiwa wameshiba.)

Nani anashika fagio? Hapo ndipo uzi unakuwa mtamu. Kwa mbwa na binadamu ni homoni nyingine, motilini, iliyopatikana kwenye utumbo wa nguruwe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Motilini na grelini ni ndugu, na vipokezi vyao vinafanana sana. Mmoja ameitwa njaa, mwingine ameitwa mwendo wa tumbo, lakini udugu wao utaleta mkanganyiko sasa hivi.

Na motilini mnaifahamu bila kujua. Nani humu amewahi kumeza erithromaisini?

#11 Pangani_Boy

Weee! Nilipewa kwa ajili ya kifua, nikajuta. Tumbo lilikuwa linasokota kama nguo inakamuliwa.

#12 Kihonda_Bandani

Basi ulikamuliwa kweli. Erithromaisini, pamoja na kuua bakteria, inakaa kwenye kipokezi cha motilini na kukiamsha. Utumbo wako uliambiwa ufagie wakati hujaomba.

#13 Dk_wa_Malishoni

Naomba niingie, maana hili ni eneo langu. Mimi ni daktari wa mifugo, nipo zaidi na ng'ombe wa maziwa.

Hiyo tabia ya erithromaisini imefanyiwa utafiti kwa ng'ombe waliopasuliwa kwa sababu ya tumbo la nne kuhama mahali pake. Sindano ya msuli iliharakisha tumbo hilo kumwaga. Lakini vijana wa duka la dawa za mifugo wasinisome nusu: hiyo ni antibiotiki, ina siku za kusubiri maziwa, na kuitumia kama "dawa ya kusukuma" kiholela ni kufuga usugu wa vimelea zizini.

Kuhusu dawa ya kumeza aliyoitaja Kihonda: inaitwa kapromorelini. Mwaka 2016 Marekani iliidhinishwa kwa mbwa waliopoteza hamu ya kula, jina la dukani ni Entyce, ni maji ya kudondoshea mdomoni mara moja kwa siku. Mwaka 2020 ikaja ya paka wenye ugonjwa sugu wa figo wanaokonda, inaitwa Elura. Zote zinaamsha kipokezi cha grelini. Kwa hiyo homoni ya njaa kama tiba ya wanyama si ndoto. Ni kwa mbwa na paka, na ni kwa mgonjwa. Kuku hayumo.

Endelea na kuku, mimi nasoma.

#14 Kihonda_Bandani

Ahsante Daktari, umenipunguzia kazi.

Kuku nakuja kwake, ila lazima nipitie kwa panya kwanza, na kutoka kwa panya nipite Mji Mkongwe. Shehe, jiandae.

Grelini ilipatikana kwa panya, kwa hiyo miaka ya mwanzo karibu kila kitu kilipimwa kwa panya. Ukimchoma panya grelini, anakula, tumbo linamwaga haraka, na lile wimbi la njaa linatokea hata kama alikuwa ameshiba. Watu wakaandika: grelini ni fagio. Wakaenda kwa mbwa wakitarajia hivyohivyo. Mbwa hakutikisika. Wimbi lake lilisubiri motilini.

Kumbe panya wa maabara, wa aina kubwa na wa aina ndogo, hawana motilini. Jeni yenyewe ilikwishaharibika kwenye ukoo wao, imebaki gofu. Kipokezi nacho hivyohivyo. Kwa hiyo kwa panya grelini inabeba kazi ya ndugu yake aliyepotea. Ni kama nyumba ambayo kaka mkubwa kaondoka, mdogo anafyeka, anachota maji na anapeleka watoto shule, halafu mgeni anakuja siku moja anaandika kwamba wadogo ndivyo walivyo duniani kote.

Panya ana kasoro nyingine: hawezi kutapika. Hiyo ni sababu mojawapo ya sumu ya panya kufanya kazi. Sasa ukitaka kuelewa tumbo la binadamu, linalotapika na lenye motilini, unamuuliza shahidi gani?

Wajapani, wale wa Chuo Kikuu cha Saitama hasa, wakamchukua mnyama mdogo wa kufuga ndani ya sanduku, anayetapika, mwenye motilini na grelini zote mbili. Kwa kitaalamu anaitwa *Suncus murinus*. Kwa Kiswahili ni kirukanjia. Yule mwenye pua ndefu.

#15 Mtoto_wa_Mji_Mkongwe

Kirukanjia?! Huyu anayenuka?

Wallahi bibi yangu akisikia atazimia. Jikoni kwake Mji Mkongwe alikuwa akiingia magharibi, taa zikishawashwa. Hakati katikati ya chumba hata siku moja. Anafuata ukuta, pua chini inatikisika, chi-chi-chi-chi, anapita nyuma ya mtungi, anatokea upande wa mbuzi ya nazi. Kabla hujamwona harufu imeshafika, nzito, kama miski iliyooza. Paka wa bibi alikuwa akimkamata anamwacha palepale, hamli. Bibi anamfukuza kwa ufagio wa chelewa huku anasoma dua, kisha anaosha sakafu mara mbili. Na wazee wanasema akivuka njia anakufa, ndiyo jina lake.

Leo unaniambia yuko Japani anasaidia madaktari.

#16 Kihonda_Bandani

Yuko Japani, shehe, tena asili yake si kwenu. Ni wa Asia ya kusini, kwetu pwani aliletwa na vyombo, akajificha kwenye mizigo. Bibi yako alikuwa anamfukuza mhamiaji.

Walichokiona kwake: akiwa na njaa, tumbo lake linapiga lile wimbi kama la mbwa na binadamu. Lina awamu: kimya, kisha mikunyato midogo isiyo na mpangilio, kisha mikubwa ya kufagia. Motilini ndiyo inayoleta ile mikubwa. Lakini grelini haikukaa bure, inahusika na ile awamu ya kati, na tumbo lililotangulizwa grelini linaitikia motilini vizuri zaidi. Mdogo anatayarisha, kaka anapiga. Jambo ambalo kwa panya usingeliona hata ukichinja elfu, kwa sababu kaka hayupo.

Sasa kuku.

#17 Pangani_Boy

Hatimaye. Nilifikiri utatupitisha na kwa twiga.

#18 Kihonda_Bandani

Twiga tumwache ale migunga.

Kuku ana grelini yake, ilisomwa 2002, ni asidi amino 26. Nyingi zaidi iko kwenye lile tumbo la tezi, kifuko kinachotangulia firigisi. Kuku akinyimwa chakula, inapanda kwenye damu, sawasawa na wengine. Ukichukua kipande cha gole la kuku, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, ukakining'iniza kwa uzi kwenye kibuyu cha maji ya chumvi yenye joto na hewa ya oksijeni, ukadondosha grelini ya kuku, kipande kinajikunyata na kuvuta uzi. Tumbo la tezi nalo hivyo. Utumbo mwembamba unaitikia kidogo sana. Mpaka hapo mtu angesema tumeelewana, kuku ni mwenzetu.

Mwaka 2001 Wajapani walidunga grelini kidogo ndani ya ubongo wa vifaranga. Vifaranga wakaacha kula.

Nairudia kwa ajili ya wale wa kundi la kopo. Homoni ileile inayomfanya panya ainuke usingizini akatafute chakula, ikiingia kwenye ubongo wa kifaranga, kifaranga anasimama mbele ya chakula hali. Wamelirudia jambo hilo mara nyingi, hata kwa grelini ya kuku mwenyewe, likatoka vilevile.

Kwa nini? Kwa panya, grelini inapita kwa zile seli za njaa. Kwa kifaranga seli za namna hiyo zipo na kemikali yao ukiidunga anakula sana, kwa hiyo si kwamba mashine ya njaa haipo. Ni kwamba grelini kwake inaenda kugonga mlango wa mfadhaiko, ile njia ya ubongo inayowaka kuku akishikwa, akisafirishwa au akiona mwewe. Na kuku mwenye hofu hali. Mfugaji yeyote aliyewahi kuhamisha kuku usiku anaijua asubuhi yake.

Kware wa Japani ndio walichanganya zaidi: ukiwachoma kidogo tumboni wanaongeza kula, ukizidisha wanapunguza. Na samaki usiwaguse. Samaki-dhahabu anaongeza kula, perege wa Msumbiji anaongeza kwa aina moja ya grelini kati ya mbili alizonazo, trauti akapunguza. Kila ukoo una mkataba wake.

Mimi maoni yangu, na ni yangu tu: jina "homoni ya njaa" lilitolewa mapema mno. Lingekuwa limeanza kwa kifaranga wangeliita homoni ya shibe, leo tungeuziwa kopo la kupunguza unene.

#19 Mama_Vifaranga

Mkuu umetisha. Lakini hebu nitoe tongotongo. Kama si homoni, broila anakula vile kwa nini? Huku mtaani kila mtu anasema kuku wa kisasa wanachomwa sindano, ndiyo maana wiki tano ni mkubwa hivyo.

#20 Kihonda_Bandani

Mama, hesabu mwenyewe. Una kuku 500. Nani atashika kuku 500 mmojammoja awachome kila siku? Sindano za chanjo tu zinatushinda.

Ni uzazi wa kuchagua. Kuna jaribio Virginia, Marekani, mtafiti Paul Siegel alilianza 1957. Alichukua kuku weupe wa kundi moja, akawagawa: huku anazalisha waliokuwa wazito wakiwa na wiki 8, huku waliokuwa wepesi. Basi. Hakuna sindano. Baada ya vizazi zaidi ya 50, kwa umri huohuo ukoo mmoja ulikuwa mzito zaidi ya mara kumi ya mwingine. Wazito wanakula bila breki mpaka inabidi wapimiwe. Wepesi, baadhi yao wanakufa wiki ya kwanza kwa kutokula kabisa, na chakula kiko mbele yao. Breki iko ubongoni na imerithiwa. Broila wako amezaliwa na breki legevu, humhitaji muuza kopo amlegeze tena.

#21 Mwenye_Kopo

Wakuu mimi ndiye niliyerusha ile picha. Nimesoma yote. Nakiri nilikuwa nimeshalinunua, na nimelitumia siku mbili.

Lakini msinicheke, nilikuwa na sababu. Vifaranga 300, siku ya nne leo, wanapungua nguvu. Chakula kipo, sahani zimejaa, hawakishambulii. Walionichangamkia walikuwa wauza dawa peke yao. Kama kopo ni bure, nifanye nini? Maana hali inaendelea kuwa mbaya.

#22 Kihonda_Bandani

Hakuna wa kukucheka ndugu yangu. Acha kopo, toa maji yale, osha vyombo.

Usiku huu nenda bandani kama saa mbili baada ya kuwalisha. Chukua vifaranga 20 kutoka pembe zote za bruda, hapo unapowalelea kwa joto, si wale walio mlangoni tu. Mpapase kila mmoja gole, hapo chini ya shingo upande wa kulia, kwa kidole gumba na cha shahada, polepole. Likiwa laini na la mviringo kama uji ndani ya mfuko, amekula na amekunywa. Likiwa gumu na unasikia chengachenga, amekula hajapata maji. Likiwa limevimba laini kabisa kama puto la maji, amekunywa hajala. Likiwa halipo, hajagusa kitu. Andika idadi ya kila aina, uniletee.

Na uangalie wamekaaje. Wamerundikana chini ya moto, au wamekimbilia ukutani na midomo wazi?

#23 Dk_wa_Malishoni

Naongezea: kama kuna kinyesi cheupe kilichoganda nyuma, kitovu kilichovimba au vifo zaidi ya vichache kwa siku, usisubiri majibu ya humu. Peleka vifaranga wawili watatu kwa daktari wa eneo lako wakapasuliwe.

#24 Mwenye_Kopo

Nimerudi. Ni saa nne usiku, nanuka maranda.

Kati ya 20: uji 6, gumu 11, tupu 3. Kinyesi sijaona tatizo, waliokufa leo ni mmoja. Wamerundikana karibu na jiko la mkaa, hawasogei.

Daktari, Kihonda, nimeona kosa langu nikiwa nimechuchumaa na mwanga wa simu. Vyombo vya maji niliviweka mbali na jiko, kule baridini, mwenye banda la jirani aliniambia maji yasipate moto. Na nimevipandisha juu ya matofali ili maranda yasiingie. Kifaranga anatoka kwenye joto, anavuka baridi, anafika, mdomo haufiki.

#25 Kihonda_Bandani

Gumu 11. Umejijibu mwenyewe. Shusha vyombo, ukingo uwe sawa na mgongo wa kifaranga. Visogeze pale joto linapoanza kupungua, si baridini. Ongeza viwili vingine. Chovya midomo ya wale watatu wenye gole tupu kwenye maji mmojammoja. Moto gawa sehemu mbili kama unaweza, wasirundikane.

#26 Mwenye_Kopo

Majibu ya kesho yake jioni. Nimepapasa 20: uji 17, gumu 2, tupu 1. Huyo mmoja simwoni kama atafika asubuhi.

Sahani za chakula nimezijaza mara mbili leo. Kopo liko juu ya rafu, mke wangu anauliza kama anaweza kulitumia kuhifadhi iliki.

#27 Mtoto_wa_Mji_Mkongwe

Mwambie alioshe kwanza.

Mimi nimempigia bibi, nimemsimulia habari za kirukanjia na Wajapani. Kanisikiliza mpaka mwisho, kimya. Kisha kaniuliza: "Na hao Wajapani harufu wanaivumiliaje?"